Mlinzi wa Kuni

Mwanamke nisiyemjua aliingia uani Jumamosi asubuhi akiwa na kipande cha mlango begani. Viatu vyake vilikuwa na saruji hadi kwenye kamba. Hakubisha hodi. Alikibwaga kile kipande miguuni pangu, akajifuta jasho, akauliza, "Mlinzi wa Kuni ndiye wewe?"

Nilikuwa nageuza mbao. Nikaacha. Jina hilo nilipewa na kaka yangu, na kila aliyewahi kunitania kwa jina hilo namkumbuka kwa sura.

"Nani amekuambia naitwa hivyo?"

"Mtaa mzima. Nauliza wapi kuna mbao kavu, watu wanacheka, wananiambia nenda kwa Mlinzi wa Kuni. Mimi ni msimamizi wa ujenzi, wananiita Injinia. Hebu tazama takataka hii."

Sikuhitaji kutazama mara mbili. Ubao ulikuwa umejikunja, na ufa uliopita katikati ungeweza kumeza kidole. Pembeni kulikuwa na muhuri wa karakana ya kaka.

Moyo wangu ulicheka kabla ya uso wangu.

Baba alipofariki aliacha karakana yenye mashine zake, pale barabarani, na rundo la mbao mbichi za mti mgumu nyuma ya nyumba. Kaka akachukua karakana. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza chuo, na ukoo mzima ulinishauri niuze mbao nianzie maisha. Nikasema nitazikausha taratibu, kivulini, mpaka ziwe tayari. Kaka akasimama katikati ya sebule, mbele ya wajomba na mashangazi. "Mdogo wangu, digrii yote hiyo, kumbe ulienda kusomea kulinda kuni?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mchumba wangu naye alicheka. Hakudumu.

Tangu hapo asubuhi nafundisha hesabu shuleni, na jioni ni ya mbao. Nimezipanga kwa vijiti katikati ili hewa ipite. Nimezipaka rangi kwenye ncha zisikauke haraka zikapasuka. Nimezigeuza, nimezifunika wakati wa mvua, nimezifunua. Wakati huo kaka alikuwa anauza milango ambayo bado inanukia msitu, akanunua gari, akabadilisha gari. Kila tukikutana harusini ananikonyeza: "Kuni zimeiva?" Nami natabasamu. Wenzangu walikuwa wanaweka akiba benki. Mimi niliweka akiba ya majibu.

"Ni zahanati ya wazazi," Injinia alisema. "Milango yote imepinda, fremu zote zimepinda. Daktari, mwenye jengo, anataka zote zibadilishwe kwa pamoja kabla hajafungua. Zako ni kavu?"

"Kavu."

"Zote? Hata zile nene? Maana bila nene hakuna fremu."

Nilitazama ule muhuri wa kaka. "Zote," nikasema.

Alinikodolea macho. "Dada, usinione mkali. Hata huyo wa kwanza aliniambia kavu."

"Basi Jumatatu njoo na Daktari. Na kaka yangu mwiteni awepo. Wewe mwenyewe utachagua ubao, wowote upendao, nami nitaukata katikati mbele yenu wote. Nitauweka unga wake kwenye ngumi. Ukiganda, nendeni zenu."

Kila fundi mbao anakijua kipimo hicho. Unga wa mbao kavu hutiririka kati ya vidole kama mchanga, na wa mbao mbichi hubaki bonge.

"Ahadi?"

"Ahadi."

Tukapeana mikono. Alipoondoka, niliimba.

Jumapili shangazi yangu, dada yake baba, alitoka chumba cha mbele anakoshonea nguo, mdomo umejaa pini. Yeye peke yake hakucheka siku ile sebuleni, na kaka hajamsamehe kwa hilo.

"Nashona gauni la kesho," akasema baada ya kuzitema pini. "Nataka nikae mahali ambapo nitamwona vizuri akiwa anameza mate. Umefanya mazoezi ya kusema 'kuni zimeiva'?"

"Nimefanya tangu mwaka juzi, shangazi."

Nilichukua msumeno nijaribu, basi tu nionje utamu mapema. Ubao mwembamba: unga ulitiririka. Mwembamba wa pili: ukatiririka. Nikakata mnene mmoja.

Nilipofungua ngumi, bonge lilikaa kiganjani, na alama za vidole vyangu juu yake.

Nilikata mwingine. Bonge. Wala haikuwa siri iliyofichwa. Mbao nene hukawia kukauka moyoni, hilo nililijua, na kwa hesabu yangu mwenyewe zilikuwa bado zinadai mwaka mzima. Jumamosi nilijua hivyo hivyo, ila nilikuwa natazama muhuri.

Shangazi alilitazama bonge, akanitazama mimi. "Turubai liko wapi?"

"Shangazi."

"Zifunike zile nene. Atachagua zinazoonekana. Kwani ana macho ya kuona chini ya turubai?"

"Nilisema wowote."

"Wowote kati ya zilizopo! Zilizofunikwa zimelala. Mwanangu, mimi na wewe tumeingoja siku hii kama wajawazito. Leo unataka tuzae nini?"

Kabla sijajibu, gari la kaka lilisimama nje. Aliingia akikwepa vumbi, suruali kaishika kwa vidole viwili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," shangazi akajibu, kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha.

Kaka akanigeukia. "Mdogo wangu, tusivuane nguo mbele za watu. Niuzie mbao zote leo. Nitatengeneza mimi, kwa jina langu, na wewe utapata bei ambayo hutaipata popote."

"Na mbao nene?"

"Nene, nyembamba, zote."

"Huzikagui?"

Akacheka. "Nikague nini? Mji mzima unajua umezikalia kama kuku. Nani atauliza? Hata fremu zikipinda mwakani, nitakuwa nimeshalipwa zamani."

Lile bonge bado lilikuwa mkononi mwangu, nimelificha mgongoni.

"Sikuuzii hata kijiti," nikasema.

"Unanichukia kiasi hicho?"

"Ndiyo."

Hilo hakulitegemea. Uso ulimlegea, na kwa dakika moja alifanana na baba. "Ule ulikuwa utani tu, jamani."

"Mimi sikucheka."

"Haya. Kesho nitakuja kuziona kuni zako."

Gari lilipoondoka nilibeba turubai mpaka kwenye rundo. Shangazi alishika upande mmoja, mimi upande mwingine. Nikajiona kesho, nimesimama juu ya aibu ya kaka kama juu ya jukwaa. Halafu nikaona mwakani: fremu zinapinda, mlango wa wodi haufungi na ndani kuna mama anajifungua, na Injinia anatafuta fundi mwingine, kipande begani, muhuri wangu pembeni. Nitakuwa nimegeuka kaka, tena bila gari.

"Achia, shangazi."

"Nikiachia, kesho atatucheka."

"Atatucheka."

Aliachia. Alirudi kwenye cherehani yake na hakuongea nami tena siku hiyo.

Jumatatu walikuja wote. Daktari alikuwa mzee mfupi mwenye haraka. Alizunguka rundo mara moja, akapitisha kiganja juu ya mbao, akagongagonga, akamgeukia kaka.

"Hizi ndizo ulizoniambia ni kuni? Nilipokuuliza kama kuna mtu mwingine mwenye mbao, si ulinijibu kuna dada yako tu, amechanganyikiwa, analinda kuni?" Kaka alifungua mdomo. "Nyamaza! Umenila fedha, umenila muda. Binti huyu ana akili kuliko karakana yako nzima. Utarudisha kila kitu, na jina lako nitalitangaza kwa kila anayejenga mji huu!"

Kaka alitazama viatu vyake. Shingo ilikuwa imelowa jasho. Shangazi, ndani ya gauni lake jipya, alivuta kigoda mbele kidogo.

Sitasema uongo: ulikuwa utamu. Nilitamani Daktari aendelee mpaka jioni. Nilitamani wajomba wote wawepo, na yule mchumba, na sebule yote ile.

"Binti, nazichukua zote," Daktari akasema. "Injinia, ita lori. Hakuna haja ya kukata kitu, zinaonekana zenyewe. Tusiharibu ubao mzuri bure."

Injinia aliinua mabega. "Kama mwenye jengo ameridhika, mimi ni nani?" Tayari alikuwa anatoa simu.

Shangazi alinitazama kwa macho yanayosema kwa herufi kubwa: funga mdomo. Kaka naye alinitazama. Macho yalikuwa mekundu, na sikumwonea huruma hata chembe.

"Injinia," nikasema, "bado hujachagua."

"Mzee ameshasema tusikate."

"Sikumwahidi mzee. Nilikuahidi wewe. Chagua."

Injinia alishusha simu taratibu. Alitembea kando ya rundo, akazipita nyembamba bila kuzigusa, akainama, akaweka kidole kwenye ubao mnene wa chini. "Huu," akasema. "Fremu ndizo zinanipa wasiwasi."

Niliuvuta, nikauweka juu ya meza, nikaanza. Mti mgumu haukatiki haraka. Nilikuwa na muda wote wa kusikia Daktari akilalamika, na shangazi akisema "Ee Mungu wangu" kwa sauti ndogo. Msumeno ulipofika moyoni ulianza kubanwa, kama ufanyavyo kwenye mbao mbichi, na kaka, ambaye amekulia karakana, akausikia. Akanyanyua kichwa. Akaanza kutabasamu.

Nikachota unga, nikaukamua kwenye ngumi kwa nguvu zangu zote. Halafu nikafungua vidole mbele ya Injinia, karibu kabisa na macho yake, ili asije akasema hakuona.