Kaburi Linaloonekana

Bwana Ardhi, afisa wa ardhi wa wilaya, alifika Kiwanjani saa sita mchana, wakati wanawake walikuwa wamekwisha kuwageuza dagaa wao walioanikwa mara mbili. Watu walimsubiri tangu asubuhi. Aliposhuka kwenye gari hakuomba radhi. Alisema dagaa waondolewe, kwa maana alitaka kuuona uwanja wote ulivyo.

Hyasinta, mke wa Bernado Masatu, alipiga magoti akaanza kukusanya dagaa wake kwa mikono. Walikuwa bado wabichi na walishikamana na vumbi la changarawe. Alijua kwamba kule sokoni Mwisenge hakuna mtu atakayenunua dagaa wenye mchanga. Bernado aliinama amsaidie, lakini jina lake likaitwa, akaenda na viganja vyake vikinuka samaki.

Uwanja huo wa ndege ulikuwa kati ya Buhare na Mugango, upande wa ziwa. Jeshi liliutengeneza mwishoni mwa mwaka 1978, vita vilipoanza kule Kagera. Ndege zilitua kwa miezi michache. Vita vilipokwisha wanajeshi waliondoka na mahema yao na mapipa yao ya mafuta, ukabaki mkanda mrefu wa changarawe iliyoshindiliwa, usioota hata jani. Mwaka wa njaa watu walianika makopa ya muhogo hapo. Miaka ambayo sabuni ilikuwa kwa kibali, walianika nguo walizofua kwa majani ya mpapai. Sasa ulikuwa mwaka 1994, sabuni zilijaa madukani hata wasio na fedha waliziona, na mwenye kiwanda cha minofu ya sangara aliutaka uwanja ule ili ndege zije zichukue samaki.

Bwana Ardhi aliitwa Stanislausi Makongoro. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti. Alieleza kwamba kila mwenye madai ya asili, yaani aliyekaa hapo kabla ya jeshi, atapewa shamba lingine, mradi aonyeshe alama mojawapo kati ya tatu: nyumba, mti wa kudumu au kaburi.

Bernado alimwonyesha kwa mkono palipokuwa pa kwao. Nyumba haikuwepo, ilibomolewa mwaka 1974 watu walipohamishiwa vijijini. Mti haukuwepo. Uzio wa minyaa uling'olewa na trekta la jeshi. Kaburi la baba yake, mzee Masatu, lilikuwa palepale waliposimama, au hatua chache kutoka hapo.

"Silioni," alisema Bwana Ardhi.

"Liko chini. Mawe yake tuliyatoa wenyewe."

"Mliyatoa kwa nini?"

Bernado alimtazama Machage, mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa amesimama nyuma ya Bwana Ardhi akiwa na mwavuli. Machage ndiye aliyekuwa mwenyekiti hata mwaka ule wa vita. Ndiye aliyewaambia watu mkutanoni kwamba kapteni wa jeshi ana haja ya mawe ya kutandika chini ya changarawe, na kwamba vita vikiisha kila mtu atarudishiwa chake. Watu walipiga makofi. Bernado alikuwa kiongozi wa jumuiya yao ya sala, na aliona haya kuwaambia wengine watoe kabla hajatoa yeye. Alisali Baba Yetu, akabeba jiwe la kwanza kutoka kaburini kwa baba yake, akalipeleka begani mpaka kwenye trekta. Siku ile alibeba kumi na saba.

"Mwenyekiti anajua," alisema.

Machage alikohoa. Alisema makaburi yalikuwepo, hilo hakatai, lakini ya nani na wapi hasa, mtu hawezi kuapa. Ilikuwa vita, mambo yalikuwa mengi.

"Wewe ulinishika mkono siku ile. Ukasema taifa halitasahau."

"Mzee Bernado, taifa ni kubwa," alisema Machage.

Watu wawili watatu walicheka. Bwana Ardhi hakucheka. Alisema atarudi Alhamisi na wapima ardhi. Kama kaburi lipo, mzee amwonyeshe, na yeye ataandika kile atakachokiona.

Aliyefuata alikuwa Wanzagi, jirani yao wa zamani. Mwaka ule wa vita Wanzagi alilala juu ya makaburi ya kwao, akakataa kuondoka. Aliitwa msaliti, akapigwa, akawekwa ndani siku mbili. Mwishowe dereva wa trekta alimzunguka kwa kuwa alikuwa pembeni. Makaburi yake matatu yalikuwa bado yana mawe, na nyasi zake zimekatwa. Bwana Ardhi aliyahesabu kwa kalamu, akaandika, akamshukuru kwa kutunza vizuri.

Jumanne na Jumatano Bernado hakula. Alikuwa na miaka sitini na miwili, na walikaa kwenye chumba cha kupanga Buhare, wakilima kipande walichoazimwa na mtu ambaye mwaka huo alikuwa amekwisha kusema anakitaka. Bila shamba hilo jipya hawakuwa na mvua nyingine ya kungojea. Alimwambia mkewe alichokusudia.

Hyasinta alikuwa akipepeta mchanga kwenye dagaa, akaacha. Kisha alisema, "Baba Miriamu, mtoto anamfunika baba yake. Hamfunui."

Alimjibu kwamba anajua. Kwa desturi yao, kaburi halifunguliwi mpaka wazee wa ukoo wakae na mbuzi achinjwe. Wazee wa ukoo walikuwa wamekufa, na mbuzi hawakuwa naye. Alikuwa na rozari tu.

Alhamisi alfajiri alikwenda kwa Wanzagi kuazima sululu, kwa kuwa jembe lisingeweza kuivunja changarawe ile. Wanzagi alimtolea bila kumwuliza, akamsindikiza mpaka Kiwanjani.

"Nilikwambiaga, Bernado," alisema njiani. "Siku ile ulinipita na jiwe begani unaimba."

"Nilikuwa naimba."

"Tena sauti ya kwanza."

Upande wa ziwa palikuwa na jabali ambalo jeshi lilishindwa kulipasua. Bernado alisimama mgongo wake ukiligusa, akahesabu hatua thelathini na mbili, alizozikariri tangu siku ya mawe, kuelekea nchi kavu, akachora msalaba kwa kisigino. Wanzagi alibaki mbali. Alisema kaburi lisilo la kwao hawezi kuligusa, na ile sululu asimrudishie, maana chombo kilichofungua kaburi hakirudi nyumbani kwa mtu.

Tabaka la juu lilimchukua mpaka jua lilipopanda. Sululu iliruka kama imepiga chuma. Malengelenge ya mikono yalipasuka, akayafunga kwa kipande cha shati. Chini ya changarawe alikuta mawe yaliyopangwa vizuri, na alipoyang'oa alijiuliza ni kaburi la nani lilivuliwa mawe hayo. Chini ya mawe udongo ulikuwa laini na mweusi. Hapo aliweka sululu kando, akaendelea kwa mikono, akisema, "Raha ya milele umpe, ee Bwana," na kila aliposema alivuta pumzi.

Hyasinta alikuja saa nne. Alisimama ukingoni, akageuza uso. Mumewe alipomwita alivua kanga yake ya juu, akaitandika chini ya kuwekea mifupa, bila kutazama shimoni.

Gari lilifika saa saba. Bwana Ardhi alikuja pamoja na wapima wawili na Machage. Aliangalia shimo, akaangalia kanga, akavua kofia.

Bernado alitoka shimoni akishikilia ukingo. Aliokota mfupa wa paja kwenye kanga, akaonyesha mahali ulipoungana vibaya, ukapinda kama mpini mbovu.

"Hapa alivunjwa na kiboko wa ziwani, mwaka ambao mimi nilikuwa nabatizwa. Mwenyekiti alimjua. Alikuwaga anatembea hivi." Akatembea hatua tatu, akichechemea na mfupa mkononi.

Machage alitazama chini. "Ndivyo alivyotembea," alisema kwa sauti ndogo.

Bernado aliona matumaini. Bwana Ardhi alifungua faili lake, akasoma, akarudia kusoma. Alionekana kama mtu anayetafuta mlango.

"Mzee, mimi ninakuamini," alisema. "Lakini fomu inasema kaburi linaloonekana."

"Si unaliona?"

"Linaonekana kwa sababu umelifukua. Ungeliacha, ningeandika kwamba halionekani. Sasa umeshamtoa marehemu. Mahali ambapo marehemu ametolewa si kaburi tena. Hilo ni shimo."

"Ni shimo la baba yangu."

"Ni shimo kwenye kiwanja cha serikali, na kwa kweli nilipaswa kukuandikia kosa. Sitakuandikia." Alivuta mstari mmoja kwenye karatasi, polepole, kama mtu asiyetaka kumwumiza. "Mwenyekiti, wa kwanza tumemaliza."

Bernado alibaki na mfupa. Alitaka kusema jambo, lakini maneno yote aliyokuwa nayo alikuwa amekwisha kuyasema mwaka 1978, na yote yalikuwa ndiyo.

Wapima walikuwa wamekwisha kuweka vyombo vyao. Kona ya kiwanja cha mwekezaji iliangukia hatua mbili kutoka pale shimoni. Mmoja alichungulia ndani, akamwambia mwenzake kwamba kuichimba changarawe hii kwa mikono kungewamalizia siku, na hatua mbili si kitu. Wakakubaliana kulitumia shimo hilo. Walirudisha udongo na mawe mpaka karibu na juu, wakasimamisha nondo katikati, wakamimina saruji. Kwenye saruji mbichi waliandika namba kwa msumari.

Hyasinta alikuwa amefunga kanga kwa mafundo manne. Alimwuliza mumewe wampeleke wapi. Uani kwa mwenye nyumba haiwezekani, alisema, na kule kwenye shamba la kuazima wakizika, mwenyewe atalitaka kesho. Bernado aliuingiza ule mfupa wa paja katikati ya mafundo. Mkewe alijitwisha mzigo, akaanza kutembea juu ya mkanda wa uwanja kuelekea barabarani.

Bernado alipomfuata, Bwana Ardhi alimwita kutoka dirishani mwa gari.

"Mzee wangu, kwa kuwa upo hapa. Tuangalizie hilo jiwe la mpaka, mbuzi wasikanyage. Jioni litakuwa limekauka."

"Haya," alisema Bernado.

Gari liliondoka. Mbali, mwisho wa uwanja, Hyasinta aligeuka, akasimama kumngojea, mzigo kichwani, mkono mmoja umeushika. Mbuzi sita walitokea upande wa jabali wakiuramba ukingo wa changarawe. Wa mbele alinyoosha shingo, akanusa saruji, akainua mguu.

"Shii," alisema Bernado.

Mbuzi hakusogea. Bernado aliinama, akaokota kokoto, akamtupia. Akaokota nyingine.