Bahasha Iliyoombewa

...na sasa imebaki ya kwao tu, bahasha ya kaki yenye lakiri nyekundu, peke yake juu ya meza ya mwalimu mkuu, kama mtoto ambaye wenzake wote wameshafuatwa na wazazi wao, na Mama Zege, ndivyo mafundi wanavyomwita kwa kuwa kampuni ni yake, amebanwa kwenye dawati la wanafunzi, magoti yamegota ubao, jasho linamtiririka mgongoni, huku katibu wa kamati, mwenye mafua, akirudia bei ya kampuni ya pili kwa sauti inayokwaruza ili kila aliyeomba kazi hii ya madarasa mapya asikie, na shemeji yake, mume wa dada yake, fundi mkuu wake, anamwinamia sikioni, "Hawa nao wamepandisha, shemeji, sisi tunawapita kwa chini," na anatabasamu, ee Mola, anatabasamu kama mtu aliyekwisha kukabidhiwa ufunguo wa stoo, na Mama Zege anatikisa kichwa kukubali, anadanganya kwa shingo... kwa kuwa bei iliyo ndani ya ile bahasha anaijua yeye peke yake, aliiandika ndani ya gari, injini inanguruma, hakuwa amekanyaga hata hapa shuleni, alichukua bei za kazi ya zamani, akaongeza theluthi nzima, akapiga muhuri, basi... zabuni mbili zilikuwa zinafungwa wiki moja, hii ya madarasa na ile ya ghorofa la ofisi huko mbali, mkadiriaji wa bei anaye mmoja, akili yake yenyewe moja, ikabidi achague ipi ipigiwe hesabu za kweli, akachagua ghorofa, ambayo mpaka leo hawajajibiwa, kwa sababu ghorofa linawekewa bango lenye jina la kampuni, na nani anaweka bango kwa ajili ya madarasa manne na matundu ya vyoo, lakini hii ya shule hakutaka kuikataa waziwazi, ukikataa hukaribishwi tena, wakandarasi wote wanajua, unaweka bei ya kukataa kwa adabu, unapanda juu, unashindwa, unapeana mikono na kamati, unasema labda mara nyingine, hakuna aliyeumia... hivyo ndivyo alivyojiambia, hakuna aliyeumia, mpaka asubuhi ile shemeji alipoingia ofisini na mafundi nyuma yake, wote wamevua kofia, "Bosi, tumesikia ya shule unaipeleka leo, tunaomba tuiombee kwanza," na hawajawahi kuombea zabuni hata moja, ile ya ghorofa hawakuitaja, akauliza kwa nini hii, afadhali asingeuliza, mchomeleaji akacheka, "Hii ni ya nyumbani, Mama Zege, mtu unatoka kazini unakula cha moto, unagombana na mkeo ana kwa ana, siyo kwa simu," wakacheka wote, ila shemeji hakucheka, alisema tu kwamba juzi, alipotoka kule kambini kwenye kazi ya mbali, mwanawe mdogo alimfungulia mlango akamwambia, "Karibu mgeni, baba hayupo, yuko safari"... wakaweka mikono juu ya bahasha, mikono iliyopasuka kwa saruji, mmoja juu ya mwingine, wa kwake ukabanwa chini kabisa, palepale kwenye karatasi, shemeji akaomba, Ee Mungu, tusogeze nyumbani, na yeye akasema amina, aliitamka vizuri, hakukohoa wala kumung'unya, amina, kwa sauti ileile anayoimbia kwaya... "Mkasi uko wapi?" anauliza mwalimu mkuu, "ulikuwa hapa sasa hivi," katibu anafunua makaratasi, anapiga chafya, mtu wa nyuma anasema, "Mkasi wa shule huo, una miguu," watu wanacheka, shemeji naye anacheka, na Mama Zege anafikiri angesimama sasa hivi aseme naiondoa, lakini muda umeshafungwa, haiondoki, itasomwa, na shemeji ataisikia, na atafanya nini, anamjua, huyu mtu hana moyo wa kushuku, atatazama dari kidogo, kisha atasema Mungu hakupenda, shemeji, tushukuru kwa yote, atakwenda kuwaambia wale wengine, Mungu hakupenda, na dada yake atatandika kitanda cha mtu mmoja akisema Mungu hakupenda, na yeye Mama Zege atasema nini, ataitikia, ndiyo, ni mapenzi yake... na hapo anajiambia, kwani si ndicho ulichokipanga, kubali tu mwanamke, tangu ile amina ulishapanga, kazi uikatae wewe, lawama abebe Mungu, kwa kuwa unajua hatainuka hapa kujitetea, kila jioni unapiga magoti unamtajia vidhambi vyako, hasira, umbea, kuchelewa ibada, hiki unakiruka kama dimbwi la maji machafu... na wala ghorofa siyo dhambi, mtu anaruhusiwa kuchagua kazi, angewaambia tu, jamani, ya shule siiwezi, wangenuna, wangemsengenya stoo wakidhani hasikii, yangeisha, lakini kuwaacha waombe, kuwaacha waombe na mkono wako uko chini ya mikono yao... "Huu hapa," anasema katibu, mkasi ulikuwa chini ya kofia yake mwenyewe, na shemeji anafuta viganja kwenye suruali kama anayejiandaa kupokea kitu kizito, mikono ileile, na Mama Zege anausikia tena uzito wake, hajui kama mtu huyu atawahi kumwita shemeji tena, hajui dada yake atamtazama kwa jicho gani, anajua tu kwamba jambo hili lisimfikie kwanza kutoka kinywani mwa mtu mwenye mafua, "Shemeji," ananong'ona, "Mungu usimtie kwenye hili," naye anamgeukia, bado anatabasamu, "Kivipi?" anauliza, na Mama Zege anamjibu, "Hakukataa yeye, nilikataa mimi, kabla hamjaomba," na kule mbele mwalimu mkuu ameinua bahasha kwenye mwanga wa dirisha, anaizungusha taratibu, anatafuta pa kuanzia kukata...