Uzi Mweusi kwenye Shati Jeupe

Ilipogonga saa tatu asubuhi, karatasi ilikuwa bado nyeupe pe. Mhariri alikuwa amesema bila kumung'unya maneno: hadithi imfikie kabla ya saa sita mchana, la sivyo ukurasa wa Jumapili apewe mwandishi mwingine. Mzee yule aliyeitwa Gazeti mtaa mzima alikuwa ameushikilia ukurasa huo miaka ishirini na sita. Bila huo, aliamini, hakuwa mtu tena.

Hadithi zake zote alikuwa ameziokota kwa watu. Alisikiliza, akaandika daftarini, akachapisha. Na kila alichokitumia alikipiga mstari. Sasa daftari zima lilikuwa mistari mitupu. Akavaa kofia, akaenda mbio mbio kwenye kibanda cha fundi viatu, mahali pasipokaukiwa na soga.

Kicheko alikisikia tangu kona ya barabara. Alipoingia, kikakatika.

"Kimya, jamani, Gazeti huyo!" fundi akasema.

"Endeleeni tu. Nimekuja kushonewa soli."

"Soli ipi, mzee wangu? Hiyo nimeishona juzi. Wewe sema umekuja kuvua maneno. Ulimwandika shemeji yangu na meno yake ya bandia, mpaka leo hacheki mbele za watu."

"Jina sikumtaja."

"Meno uliyataja!"

Wateja wakaangua kicheko, kisha kila mmoja akajifanya ana shughuli na kiatu chake. Mzee alisubiri nusu saa nzima. Hakuna aliyefungua kinywa, hata kulalamikia jua. Akaondoka. Sokoni alikopitia, wauza mboga walimsalimu kwa heshima zote, wakanyamaza. Hapo ndipo alipong'amua kwamba mtaa wote ulikuwa umemfungia mlango, na ufunguo aliutupa yeye mwenyewe.

Alirejea nyumbani saa tano na robo. Alijibwaga kitini, akashika kichwa kwa mikono miwili. Mkewe alikuwa karibu na dirisha, akimshonea kifungo cha shati. Shati lilikuwa jeupe, uzi mweupe ulikuwa mezani, lakini kifungo cha chini kabisa alikuwa akikishona kwa uzi mweusi. Mzee akatazama, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutazama.

"Mke wangu, mbona hicho cha chini unakitia uzi mweusi?"

Sindano ikasimama. "Miaka thelathini na minane unavaa mashati haya, leo ndiyo unauliza?"

"Leo ndiyo nimeona."

Mkewe akamweleza polepole. Baba yake alipofariki hospitalini, walikabidhiwa furushi la nguo. Mama yake alipolifungua, akakuta shati la mtu mwingine. "Tangu siku hiyo mama alitufundisha kuweka alama. Nawe nimekuwekea, ili wakiniletea nguo zako nijue ni wewe kweli. Lile shati la mgeni mama alilifua, akalipiga pasi, akatoka nalo kwenda kumtafuta mwenyewe..."

Vidole vya mzee vilikwishaikamata kalamu. Alikuwa hajahisi joto lile tangu mwaka uliopita.

Mkewe akaiona kalamu. "Hii usiiandike, baba. Mama yu hai, na hajapata kumsimulia mtu isipokuwa sisi wanawe."

Saa ilikuwa sita kasoro dakika ishirini. Hadithi ilikuwa mbele yake, nzima, na hapakuwa na nyingine duniani. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu, kama mwenye kuomba. Mkewe akaendelea kushona.

Mzee akainua simu. "Mhariri, sina kitu," alisema. "Mpe huyo mwingine."

Machozi yalimlenga. Kisha akakivuta kiti karibu na dirisha.

"Enhe," akasema, "mwenye shati alipatikana?"