Redio Isiyosema

Bibi Sindano alikuwa fundi wa mambo mawili: kushona na kusengenya. Chumba chake kilikuwa chini ya nyumba, kimechimbwa kwenye mteremko, nusu ya kuta zake zimezama udongoni. Humo ndimo alimolala, ndimo alimoshona, na ndimo alimompigia dada yake simu kumweleza habari za mkaza mwanawe: chumvi haijui, salamu zake za midomoni tu, na mtoto anambeba kama mfuko wa saruji.

Asubuhi moja huyo mkaza mwana akashuka na bwana afya. Yule bwana akaweka juu ya kabati kidude cheusi, kidogo kama kopo la mafuta ya kupaka.

"Cha nini hicho?" Bibi akauliza, mguu ungali kwenye pedeli.

"Cha radoni, bibi. Usikisogeze, na dirisha lisifunguliwe mpaka nirudi Ijumaa."

Cherehani ilikuwa ikinguruma. Yeye akasikia "redio".

Walipopanda ngazi akakikaribia. Hakina waya, hakina kitufe, wala hakitoi sauti. Akakitikisa. Kimya. Redio isiyosema ina kazi gani kama si kusikiliza?

"Wameniwekea masikio," alimnong'oneza dada yake, kajifunika shuka yeye na simu yake.

"Nani?"

"Si huyo malkia wa juu! Anakusanya maneno yangu, mwanangu akirudi safari nisomewe mashtaka."

"Basi sema kwa nguvu, yasikie vizuri!"

"Cheka tu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu."

Tangu hapo kila jambo likawa na jambo nyuma yake. Mkaza mwana akiuliza kama dirisha limefungwa, Bibi anawaza: hataki neno hata moja limponyoke. Akileta chai, hiyo ni chai ya kachero. Mwisho uvumilivu ukamwisha. Akakichukua kidude, akakiweka nje ya dirisha, nyuma ya chungu cha maua, kikausikilize upepo. Ijumaa alfajiri akakirudisha kabatini, akaendelea kupiga pindo kama mtu asiyejua kitu.

Wiki iliyofuata majibu yakaja. Mkaza mwana alishuka akicheka, kitanda cha mtoto begani.

"Mama, chumba ni salama! Nikirudi kazini, mtoto atakuwa analala humu na wewe."

"Salama na nini? Kwani nani alisema pana simba?"

"Si ile gesi, mama, radoni. Inatoka kwenye miamba chini ya nyumba, inapenya kwenye nyufa za sakafu. Ukiivuta miaka na miaka inaweza kukuletea saratani ya mapafu. Kwa jirani walipima wakakuta imezidi, ndiyo maana nikamwita bwana afya."

"Mbona mimi sijasikia harufu?"

"Haina harufu wala rangi."

"Basi hilo jini, si gesi."

"Jini angalau ungemfukuza kwa kelele."

Bibi akainamisha macho. Ufa ulitoka kwenye mguu wa cherehani ukaenda mpaka ukutani, na juu yake mkaza mwana alikuwa akikisimamisha kile kitanda kidogo, anakipima kama hakiyumbi. Bibi akisema alichofanya, aibu yake yote itaanikwa. Akinyamaza, mjukuu ndiye atakayevuta.

"Kiondoe hicho kitanda."

"Kwa nini, mama?"

"Mtoto halali humu. Kidude chenu kilikaa nje mpaka Ijumaa. Mimi ndiye niliyekitoa."

Mkaza mwana akamgeukia. "Ulikitoa kwa nini?"

"Nilidhani ni redio. Nilidhani unanisikiliza."

"Nikusikilize kwa redio? Mama, ukipiga simu sauti yako inafika mpaka jikoni! Mwaka wa tatu huu nakusikia bure."

Bibi akatafuta pa kutazama, akapakosa. Alingoja matusi, maana yeye angetukana. Mkaza mwana akatoa kitanda, akakiegemeza mlangoni, kisha akaenda kufungua dirisha wazi kabisa.

"Kesho namwita bwana afya apime upya. Ikizidi, tutaziba nyufa, tuweke na bomba la kuitoa nje. Na wewe hulali humu. Shika cherehani upande huo."

Wakainyanyua. Katikati ya ngazi Bibi akasimama, akamkazia macho mwenzake.

"Wema wote huu, unataka nini kwangu?"

"Nataka upande, mama. Inaniumiza vidole."