Ufunguo wa Mashine ya Kukandia

Mama wa magunia alikuja asubuhi kama kila Jumatatu, kununua magunia matupu ya unga kwenye mlango wa nyuma wa kiwanda chetu cha mikate. Akamtazama shemeji yangu, mume wa dada yangu, akamwambia wazi: "Leo utakuwa msaidizi wa fundi mkuu. Kabla mwezi haujaisha, fundi mkuu utakuwa wewe." Mimi akaniambia kwamba kila nafasi atakayoiacha shemeji nitaikalia mimi. Kisha akabeba magunia yake akaenda zake.

Nilicheka. Mambo ya ramli mimi siyataki, na mama yule hata kuhesabu magunia hukosea. Shemeji hakucheka. Aliuliza kama fundi mkuu anaumwa.

Saa nne fundi mkuu akatukusanya, akamtangaza msaidizi wake mpya: shemeji. Nikayakumbuka maneno ya mama wa magunia. Mzee yule ndiye aliyetufundisha kazi sote wawili, na alituita wanangu hata siku tuliyounguza mikate ya tanuri zima. Alikuwa mzima wa afya, hana hata kikohozi. Sasa angeondokaje kabla mwezi haujaisha? Swali hilo lilinitisha mimi. Shemeji, nilivyomwona, lilimtia njaa.

Tangu hapo sikumwondolea macho. Alifuta meza ile ile mara tatu. Alikwenda nyuma ya stoo kumpigia dada simu, akarudi uso umenyooka kama shati lililopigwa pasi. Nikamuuliza dada amesemaje.

"Amesema mlango ukishafunguliwa, mtu hasimami kizingitini."

Dada yangu namjua, tumekula sahani moja. Akikitaka kitu hukipata, na aliyekuwa nacho hujuta. Kikulacho ki nguoni mwako, wala wahenga hawakutania.

Saa nane ukafika wakati wa kusafisha mashine ya kukandia. Ni pipa kubwa la chuma, na ili kukwangua unga uliogandia chini, mtu huinama ndani mpaka kiunoni, katikati ya vyuma vinavyokanda. Haiwaki bila ufunguo, na siku zote mzee huinama humo ufunguo ukiwa shingoni mwake. Ila akipata msaidizi mpya, siku ya kwanza humkabidhi ufunguo huo mbele ya watu wote, kisha ndipo anainama. Hivyo ndivyo anavyoonyesha kwamba anamwamini.

"Shika, mwanangu," akamwambia shemeji, akivua kamba shingoni. "Leo roho yangu iko mkononi mwako."

Watu wakapiga makofi. Shemeji akaupokea, akautazama, kisha akatazama tundu la kuuchomekea, hatua mbili tu kutoka aliposimama. Niliona. Naapa niliona.

Neno moja lingetosha. Ningesema, "Mzee, kaa nao mwenyewe," angenisikiliza, maana hajawahi kunipuuza. Nikafungua mdomo. Hapo hapo nikaikumbuka nafasi ya msaidizi: kile chumba chenye dirisha, lile koti jeupe, na vijana wa tanuri kusimama nikipita. Niliona aibu, lakini niliitaka. Niliitaka sana.

Mzee akageuka kunitazama kabla hajainama.

"Vipi, mwanangu, ulitaka kusema kitu?"

"Hapana, mzee," nikajibu. "Endelea tu."