Tundu la Saba

Tundu la saba ndilo nililoliziba vizuri kuliko yote. Lilikuwa na ukubwa wa sahani ya ugali, kingo zake zimechanika na kupindia ndani. Nilizikata kingo zile, nikapachika bamba jipya, nikachomelea ndani na nje, kisha nikalisaga kwa grenda mpaka kiganja kikateleza bila kukwama. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nikijifunza ufundi kwa mzee Bushiri pale Mugumu. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikacheka peke yangu kwa furaha.

Meli kuwa Mugumu, mji usio na ziwa, ni kichekesho ambacho watu wa hapa hawajachoka nacho mpaka leo. "Boke, leo mnang'oa nanga?" madereva wa bodaboda waliniuliza kila asubuhi. Niliwajibu wakate tiketi mapema.

Ilikuwa manowari, chombo cha vita, ingawa ndogo. Iliundwa Ulaya kabla ya vita kuu ya kwanza, ikafunguliwa vipande vipande, ikavuka bahari ndani ya masanduku, ikapanda treni hadi Kisumu. Huko ikaunganishwa upya, ribiti kwa ribiti, zile pini za kuungia mabamba, na kushushwa ziwani. Vita ilipoanza ikafungwa mzinga mbele, ikaenda kupigana na Wajerumani, ikarudi na matundu saba. Amani iliporudi ilibeba pamba, ng'ombe, wanafunzi, hata maharusi. Ikazeeka. Ikaegeshwa ufukweni, kuku wakawa wanataga kwenye chumba cha nahodha, mpaka wanunuzi wa chuma chakavu walipokuja kuikata. Sehemu ya mbele tu ndiyo iliyosalimika. Mama Sabaha, mfanyabiashara wa Mugumu asiyesikia la mtu akishaamua, aliichukua na kuileta kwa lori refu la kubebea makatapila. Alitaka wageni waendao mbugani wasimame kwetu walau saa moja, waone makumbusho.

"Isafisheni, ipendeze," alituambia, akaenda zake Mwanza wiki nzima. Siku ya pili Bushiri akalazwa kwa malaria. Nikabaki mimi na mashine. Nilikulia Matongo, nikiwatazama mafundi wakiziba matenki ya maji na mabirika ya kunyweshea ng'ombe, na nilichojua ni kwamba chuma kilichotoboka huzibwa. Nikayaziba yote saba.

Mama Sabaha aliporudi aliizunguka meli mara mbili, akasimama.

"Bushiri, matundu yangu yako wapi?"

Alilipiga kofi bamba lililokuwa karibu naye.

"Watu hawatoki kwao kuja kutazama rangi. Wanakuja kuona vita. Vita yenyewe mmeiziba!"

Bushiri, homa bado haijamtoka sawasawa, alinitupia jicho mara moja tu. "Nilimwelekeza mimi, Mama Sabaha. Kosa ni langu."

Hakuwa ameniambia hata neno moja. Na mimi nikanyamaza. Nasema wazi: niliogopa, nikamwacha mzee wa watu abebe mzigo wangu.

"Basi Jumamosi Mzee Machage anakuja kuiona meli, utamweleza mwenyewe," Mama Sabaha alisema. "Babu yake alibeba makombora ya mzinga humu ndani. Hilo tundu kubwa analijua kwa hadithi tangu utotoni. Akiondoka hapa na kinyongo, usiguse tena kazi yangu, na mji mzima utajua kwa nini."

Bushiri alikuwa amelijenga jina lake Mugumu kwa miaka thelathini. Siku zile mbili zilizobaki sikuweza kumtazama usoni.

Jumamosi asubuhi Mzee Machage alishuka kwenye bodaboda, koti lake jeusi limejaa vumbi la njiani kutoka Matongo. Mimi, Bushiri na Mama Sabaha tulimwamkia, akaingia ndani ya meli akipapasa chuma kwa mkono wa kulia, polepole. Alifika mwisho, akageuka.

"Tundu liko wapi?"

Bushiri alifungua mdomo. Nikamwahi.

"Shikamoo tena, babu. Nililiziba mimi. Fundi alikuwa hospitali, hakujua lolote. Lilikuwa hapa." Nikaweka kiganja juu ya bamba. "Kingo zake nilizikata, zimekwenda na chuma chakavu. Siwezi kulirudisha. Nisamehe."

Mzee alisogea, akaligonga bamba kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaligonga tena.

"Lilipotobolewa maji yalikuwa yanaingia," alisema. "Babu akasokomeza blanketi lake. Halikutosha. Akakaa chini akaliziba kwa mgongo, tangu adhuhuri mpaka walipofika nchi kavu. Mgongo ule haukunyooka tena. Wenye meli wao wakapigilia kipande cha bati, basi, nacho kikaliwa na kutu. Uzeeni alikuwa akishtuka usingizini, anapiga kelele maji yanaingia. Kila aliyetoka upande wa ziwani alimuuliza jambo moja: wameliziba? Wote walimwambia bado. Akafa wakimwambia bado."

Alimtazama Mama Sabaha, kisha mimi.

"Mwanangu, mimi sikuja kuona tundu. Nimekuja kuuliza kama wameliziba."

Machozi yalinitoka mbele yao wote, wala sikuyaficha. Mama Sabaha alitoka haraka kwenda kuleta kiti, akarudi nacho mbio. Mzee alikikataa kwa mkono. Aliukunja ule mwili wake mrefu mpaka akakaa kwenye sakafu ya chuma, akajisogeza kinyumenyume, akaegemeza mgongo wake wote pale nilipochomelea, akafumba macho.

Tulingoja. Bushiri alinishika bega.

"Pakavu," Mzee Machage alisema.