Jumamosi ya Avelina

Hakuna aliyemlazimisha Avelina kuandika tamthilia. Aliyataka mwenyewe. Mwalimu wa shule ya msingi Tegeta, madaftari mia na ishirini ya kusahihisha kila wiki, halafu eti tamthilia! Miaka minne aliizungusha mjini kwa wenye vikundi vya maigizo. Mmoja alisema haina vichekesho. Mwingine alimwomba achomeke ujumbe wa kunawa mikono, huenda wafadhili wakavutika. Wa tatu alizirudisha karatasi zikiwa na alama ya kikombe cha chai.

Ilihusu mama anayefua shati la mtoto aliyekwisha kuzikwa. Basi, hayo tu. Avelina hakutaka utajiri wala jina. Alitaka maneno ya yule mama yasemwe kwa sauti na mtu mwingine, watu wamekaa wanasikiliza, mara moja tu, kisha apumzike.

Mwaka huu mambo yakaelekea kukaa sawa. Akapata waigizaji watano wa kujitolea kutoka Temeke, na Fazal akampa ghala lake la Mikocheni la kuonyeshea, bure. Avelina aliwahi kumfundisha tuisheni binti yake, Farheen, mpaka akafaulu, na Fazal si mtu wa kusahau fadhila. Mwezi Machi aliitazama kalenda ya ukutani, ile ya kampuni ya matairi, akaweka kidole kwenye Jumamosi moja ya likizo ya Juni.

"Hiyo hapo, mwalimu. Siku hiyo sina mzigo."

Zikiwa zimebaki siku kumi na mbili, Fazal akampigia simu aende nyumbani kwake. Avelina alimkuta kibarazani anakuna kichwa.

"Mwalimu, nimekuharibia. Jumamosi ile inaangukia Muharram. Kalenda ya matairi haina miezi yetu, na mie nikaangalia mzigo tu. Sie tukishaingia kwenye msiba wa kila mwaka wa Imamu Hussein, mjukuu wa Mtume, hakuna ngoma wala michezo, miezi miwili na siku nane. Mama amenisema mpaka basi."

Avelina akakaa. Hakulia, alichoka tu, uchovu wa kutamani kulala palepale kwenye baraza la watu. Miezi miwili mbele, Albano anayeigiza baba atakuwa ameshaenda Mtwara kwenye kibarua. Yule dada wa Tandika anayeigiza mama atakuwa na tumbo la miezi minane.

"Sawa, kaka Fazal," alisema. Akainuka aende zake.

Sauti ikaita kutoka ndani. Ummulbanin, mama yake Fazal, alikuwa kitini sebuleni, akikunja nguo nyeusi zilizotolewa kabatini kwa ajili ya msiba huo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hicho kitu chako kinasema nini? Hebu soma nisikie. Mwezi haujaandama bado."

Avelina akazitoa karatasi mkobani, akasoma kwa sauti kavu, kama anayeita mahudhurio. Alipofika kwenye shati, bibi aliacha kukunja. Shahbanu, mke wa Fazal, akatoka jikoni na mwiko mkononi, akakaa chini mkekani. Wote wawili walilia waziwazi, bila haya, maana watu hawa kila mwaka hukaa pamoja wakalia. Miaka minne yote, hakuna hata mmoja aliyewahi kuzililia karatasi zile.

Alipomaliza, Ummulbanin alijifuta macho kwa ncha ya nguo aliyokuwa anaikunja.

"Aliitwa nani?"

"Mtoto? Kwenye tamthilia hana jina, mama."

"Sijakuuliza wa kwenye karatasi. Nakuuliza wako."

Avelina hakuwa amemwambia mtu mjini humu, si waigizaji, si Fazal.

"Fredrick," alisema. "Alikuwa na miaka sita."

"Fredrick," bibi akarudia, taratibu. Kisha akageukia mlangoni. "Fazal! Lete kalenda hapa tumtafutie mwalimu siku kabla mwezi haujaandama. Ile ya msikitini, siyo hiyo ya matairi yako."